Kompyuta ya Stesheneri Isahau

Ukishuka daladala Pasiansi, kwenye barabara iendayo uwanja wa ndege wa Mwanza, hukosi stesheneri. Nje kuna bango la kuprinti, kutoa kopi, laminesheni na picha za pasipoti. Ndani kuna mashine ya kopi, printa moja au mbili, na kompyuta ya mezani ambayo imeshakuwa ofisi ya mtaa mzima. Hapo binti aliyemaliza kidato cha sita anaomba mkopo HESLB. Mfanyabiashara wa dagaa wa mwaloni wa Kirumba anasajili jina la biashara BRELA, na mama anafuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe RITA. Vijana ndio usiseme: huyu anatafuta matokeo NECTA, yule anajaza maombi Ajira Portal, wa tatu anaprinti fomu zake za chuo cha wanyamapori, kile kilichopo Pasiansi tangu 1966.

Kazi zote hizo zinapita kwenye programu moja tu, kivinjari, au brauza kama wengi tunavyoiita. Na ndiyo programu ambayo hakuna anayekaa chini kuipanga. Fundi aliisakinisha siku kompyuta iliponunuliwa, basi, ikaachwa hivyo hivyo hadi leo.

Ninayemwandikia hasa ni mwenye stesheneri na kijana anayekaa kaunta, ingawa mwenye kompyuta yake nyumbani Kiseke au Bwiru naye atapata cha kuchukua. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi haipangwi kwa kuanza na rangi au picha ya ukurasa wa mwanzo. Inapangwa kwa kuamua kivinjari kikumbuke nini na kisahau nini. Waliotengeneza Chrome, Firefox na Edge walimfikiria mtu mmoja mwenye mashine yake, kwa hiyo kivinjari kinataka kukumbuka kila kitu, kikidhani aliyekaa jana ndiye aliyekaa leo. Stesheneri haiko hivyo. Anayekaa saa nne na anayekaa saa tano hawajuani.

Kabla hujasakinisha chochote, itazame mashine yenyewe. Kompyuta nyingi za mezani mitaani kwetu ni mitumba, na baadhi bado zina Windows 7. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 na Windows 8 ni toleo la 109, la Januari 2023. Kuanzia toleo la 110, Februari mwaka huo, inataka Windows 10 au zaidi. Kwa Firefox tawi la mwisho kwa Windows 7 ni 115, lililotoka Julai 2023. Ndiyo maana kwenye mashine hizo unakuta ukurasa unafunguka nusu, kitufe cha kutuma maombi hakibonyezeki, na mteja anaambiwa "mtandao unasumbua" wakati mtandao hauna kosa. Windows 10 nayo iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, ila Chrome na Firefox hazikuiacha siku hiyo, kwa hiyo mwenye nayo asiuze kompyuta kwa hofu. Kama mashine ina RAM ya GB 4 na inabeba Windows 10, ipandishe. Kama haibebi, Linux Mint yenye Firefox itaipa miaka mingine kadhaa, lakini hakikisha kwanza kwamba printa yako inaelewana nayo. Stesheneri isiyoprinti ifungwe tu.

Kisha angalia saa, ile ya kona ya chini kulia ya skrini. Wenye maduka wengi huzima swichi kubwa jioni wanapofunga, na umeme nao hukatika unapotaka wenyewe. Kompyuta ikikosa umeme, inayoitunzia tarehe ni betri ndogo bapa ndani ya sipiyu, CR2032. Mashine ya mtumba mara nyingi inakuja na betri iliyokufa, kwa hiyo kila asubuhi inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Tovuti salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kivinjari kikilinganisha cheti cha mwaka huu na saa ya mwaka 2012, kinakiona kama hakijaanza kutumika, kinagoma na kuweka onyo kubwa kwamba muunganisho si salama. Nimeona wahudumu wanaolipita onyo hilo kwa kubonyeza "endelea hivyo hivyo" mara ishirini kwa siku, mpaka siku linapokuja onyo la kweli hawalisomi tena. Badilisha betri. Ni kitu kidogo kinachouzwa kwenye maduka ya saa na vifaa vya umeme, na fundi anaiweka ukiwa unamsubiri.

Sasa kusakinisha. Fungua Edge, ambayo Windows inakuja nayo, na uandike anwani kwa mkono kwenye upau wa juu: google.com/chrome kwa Chrome, firefox.com kwa Firefox. Usiandike maneno ya kutafuta kisha ukabonyeza jibu la kwanza. Jibu la kwanza mara nyingi ni tangazo la kulipiwa, na matangazo ya namna hiyo yamekuwa yakitumika kusambaza programu zenye jina la kivinjari na tumbo lililojaa takataka. Edge itakubembeleza ubaki nayo, na wala haidanganyi sana: tangu Januari 2020 imejengwa juu ya msingi ule ule wa Chrome, kwa hiyo mwenye bando finyu anaweza kubaki nayo na karibu yote ninayoyasema hapa akayafanya humo. Kile cha kuacha kabisa ni Internet Explorer. Microsoft iliistaafisha tarehe 15 Juni 2022. Kama ile herufi ya bluu bado iko kwenye skrini ya kompyuta yako, iondoe wateja wasiiguse.

Faili dogo unalopewa na ukurasa wa Chrome si programu kamili. Ukilibonyeza linaanza kuvuta sehemu iliyobaki kutoka mtandaoni. Kwa mwenye kompyuta tatu na hotspoti ya simu, huko ni kuvuta kitu kilekile mara tatu. Ongeza maneno haya mwishoni mwa anwani, google.com/chrome/?standalone=1, utapata faili zima, linalovuka MB 100. Livute mara moja, kwa bando la usiku ikiwezekana, liweke kwenye flashi, sakinisha mashine zote. Ila flashi hiyo isiwe urithi. Chrome na Firefox hutoa toleo jipya kila baada ya wiki chache, na faili la mwaka jana lina matundu ya mwaka jana.

Faili ulilopewa na fundi au rafiki likague kabla hujalifungua. Libonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, kisha Digital Signatures. Faili halali la Chrome limesainiwa na Google LLC, la Firefox na Mozilla Corporation. Sehemu hiyo isipokuwepo kabisa, au jina likiwa jingine, futa bila kumwonea mtu haya.

Ushauri wangu ni kuwa na viwili: Firefox iwe ya mwenye duka, Chrome iwe ya wateja. Sina ugomvi na anayetaka kugeuza. Kinachohitajika ni kwamba barua pepe yako, hesabu zako za TRA na benki yako visikae kwenye dirisha moja na mteja asiyejulikana. Ndani ya Firefox weka nenosiri kuu, lile linaloulizwa kabla manenosiri mengine hayajaonyeshwa. Bora zaidi, fungua akaunti mbili za Windows: moja yako yenye nenosiri, nyingine ya kawaida iitwe Wateja, isiyo na ruhusa ya kusakinisha programu. Hilo linawapunguza vijana wanaokuja kusakinisha gemu kutoka kwenye flashi.

Sasa tuingie kwenye akaunti ya Wateja, maana ndipo kilipo kiini cha habari. Chrome ina kitu kinaitwa Guest, yaani mgeni. Dirisha la mgeni halina manenosiri wala historia ya mtu mwingine, na likifungwa linafuta kila alichokiacha aliyelitumia: akaunti zote zinatoka, fomu zote zinasahauliwa. Watu wengi wanajua dirisha fiche, lile jeusi, lakini dirisha fiche ni la mwenye mashine anayetaka kujificha kidogo, na manenosiri aliyoyahifadhi kwenye dirisha la kawaida linaweza kuyapendekeza. Stesheneri inahitaji mgeni.

Tatizo ni kwamba mhudumu mwenye foleni ya watu sita hatakumbuka kulifungua. Kwa hiyo usimwachie kumbukumbu. Bonyeza alama ya Chrome iliyo kwenye skrini kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, na kwenye kisanduku cha Target nenda mwisho kabisa wa maandishi, baada ya alama ya kufunga nukuu. Weka nafasi moja, kisha andika --guest na uhifadhi. Kuanzia hapo, anayebonyeza alama ile anaingia kama mgeni, atake asitake. Ipe jina MTEJA kwa herufi kubwa na uziondoe alama nyingine zote za Chrome mezani.

Dirisha la mgeni halina alamisho, kwa hiyo zile njia za mkato za tovuti unazozifungua kila siku hazitakuwepo. Dawa yake ni kunakili ile alama mara nne au tano, na kila nakala, baada ya --guest na nafasi nyingine, uiongezee anwani: olas.heslb.go.tz kwa mkopo, portal.ajira.go.tz kwa ajira, ors.brela.go.tz kwa usajili wa biashara, nest.go.tz kwa zabuni za serikali. Tanguliza https:// na uzijaribu kabla ya kufungua duka. Zipe majina ambayo mteja mwenyewe anayasema: MKOPO, AJIRA, BRELA, ZABUNI. Faida yake inazidi wepesi. Anwani ikiwa imeandikwa na wewe, kwa utulivu, hakuna atakayefika kwenye tovuti ya matapeli kwa kukosea herufi au kwa kubonyeza tangazo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye anwani, mfundishe kijana wako kuzisoma kuanzia nyuma. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kinachoutangulia. Tovuti za taasisi za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Jina linaloanza na heslb au nida halafu likaishia na .com au neno jingine lolote si la taasisi hiyo, hata likiwa na nembo ya taifa na picha ya kiongozi. Kufuli linaloonyeshwa na baadhi ya vivinjari pembeni ya anwani halithibitishi kwamba tovuti ni ya kweli. Linasema tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hiyo yamefichwa, na tapeli naye anaweza kupata kufuli bure.

Baada ya hapo kuna mipangilio ya kurekebisha kwenye Chrome yenyewe, kwa sababu ipo siku mtu atafungua dirisha la kawaida. Ingia Mipangilio. Zima kuhifadhi manenosiri. Zima kujaza anwani na kadi. Zima ruhusa ya kuingia kwenye Chrome kwa akaunti ya Google, la sivyo mteja anayefungua Gmail yake anaweza kujikuta ameivuta kompyuta yako yote ndani ya akaunti yake, na alamisho zake na manenosiri yake yakamwagika dukani. Halafu nenda sehemu ya kuwasha. Hapo kuna chaguo la kuendelea pale ulipoishia, na wengi wanalipenda kwa sababu umeme ukirudi kurasa zote zinarudi. Kwa duka ni hatari. Chrome ikirudisha kurasa inarudisha pamoja nazo vidakuzi vya kikao, kwa hiyo mteja wa jana ambaye hakutoka kwenye akaunti yake anarudi akiwa ndani vilevile. Chagua ukurasa mpya mtupu.

Kuna jambo ambalo mgeni hawezi kukusaidia nalo, na hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Folda ya Downloads. Kivinjari kinasahau akaunti, lakini faili lililopakuliwa linabaki kwenye diski. Fungua folda hiyo kwenye stesheneri yoyote yenye miaka mitatu, utaikuta na vitambulisho vya NIDA pande zote mbili, vyeti vya kidato cha nne, picha za pasipoti, barua za mwenyekiti wa mtaa, mikataba ya nyumba, hata majibu ya hospitali. Anayetafuta CV yake anapitia kwanza za watu arobaini. Mtu mwenye nia mbaya na flashi ya GB 8 anaondoka na wasifu wa mtaa mzima.

Nchi yetu sasa ina sheria ya mambo haya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa na zisikae kuliko inavyohitajika. Mwenye duka anayesema yeye anaprinti tu na sheria haimhusu, aifungue ile folda kisha anieleze picha zile za NIDA zinamsubiri nani.

Tiba ni mbili na zote ni za bure. Kwanza, kwenye mipangilio ya upakuaji ya Chrome, washa swali la mahali pa kuhifadhi kila faili. Mwenye flashi faili liende kwenye flashi yake moja kwa moja. Pili, kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya hifadhi, kuna Storage Sense, inayoweza kufuta faili za Downloads zisizofunguliwa kwa siku 1, 14, 30 au 60. Iwashe kwa siku 1. Wateja watalalamika wiki ya kwanza, "kaka, ile CV yangu ya mwezi wa tatu iko wapi?" Wajibu kwamba CV yao ni mali yao, waitume kwenye barua pepe yao.

WhatsApp nayo isisahaulike, maana nusu ya kazi za kuprinti siku hizi zinakuja kwa njia hiyo. Namba ya duka iwe ya duka, isiwe ya mhudumu ambaye kesho ataacha kazi, na mazungumzo yenye nyaraka yafutwe jioni. Mteja akitaka kufungua WhatsApp yake mwenyewe kwenye kompyuta, aifungue kwenye dirisha la mgeni, na kabla hajaondoka atazame kwenye simu yake orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akiondoe cha duka.

Lipo pia lile la barua pepe. Mteja anakuja kuomba kazi, hana barua pepe. Mhudumu anamfungulia kwa haraka, anaweka namba yake mwenyewe ya simu, na nenosiri ni lile lile alilowapa wote tangu Januari. Miezi sita baadaye mteja ameitwa kwenye usaili na hajui, maana barua pepe haifunguki na ujumbe wa kuirudisha unakwenda kwenye simu ya mtu aliyehamia Geita. Hili halina mpangilio wa kivinjari wa kulitibu. Weka namba ya mteja, geuza uso wakati anaandika nenosiri, mpe karatasi aliandike kwa mkono wake na aondoke nalo. Dakika tano hizo zitoze, ni kazi halali.

Nikija kwenye kuprinti, hapa ndipo kivinjari kikipangwa vizuri kinarudisha hela. Bonyeza Ctrl na P, kisha fungua mipangilio ya ziada. Ukubwa wa karatasi uwe A4. Kompyuta nyingi zinakuja na Letter ya Wamarekani, ambayo ni fupi na pana kidogo, na ndiyo inayokata mstari wa sahihi chini ya fomu. Ondoa alama ya tiki kwenye vichwa na vijachini, vinginevyo kila ukurasa unatoka na tarehe, anwani ndefu ya tovuti na namba za kurasa pembezoni, na fomu ya serikali inaonekana kama imetolewa gazetini. Kama nembo au jedwali la rangi halitokei, weka tiki kwenye michoro ya usuli. Chrome hukumbuka chaguo hizi kwenye dirisha la kawaida, si kwa mgeni, kwa hiyo kijana wa kaunta azijue kwa mkono. Fomu ya PDF ni afadhali kuipakua kwanza na kuiprinti kutoka kwenye diski, mtandao ukikatika katikati usilipie karatasi mbili.

Tovuti nyingine hufungua kontroo namba au risiti kwenye kidirisha kipya, na kivinjari kinakizuia kimyakimya. Mteja anabonyeza mara tano, hakuna kinachotokea, anaanza kulaumu serikali. Tazama mwisho wa kulia wa upau wa anwani, kuna alama ndogo ya kidirisha kilichozuiwa. Ibonyeze, ruhusu tovuti hiyo peke yake. Usizime kizuizi chote.

Kinyume chake, arifa zizuie zote. Ni zile zinazouliza "ruhusu tovuti hii ikutumie taarifa?" na mtu anabonyeza ndiyo ili aendelee. Kesho yake kona ya skrini inatoa mikeka ya mpira na dawa za nguvu mbele ya mwalimu aliyekuja kuprinti mitihani. Ingia Mipangilio, Faragha na usalama, ruhusa za tovuti, na uchague tovuti zisiruhusiwe kabisa kuomba. Ujumbe unaokutaka usasishe Flash ndio uufunge bila hata kuusoma. Adobe iliizika Flash mwisho wa Desemba 2020.

Kuhusu viendelezi nina maneno machache tu, kwa sababu wengi wanaviweka kupita kiasi. Kimoja kinatosha: cha kuzuia matangazo. Kwenye Firefox ya mwenye duka weka uBlock Origin. Chrome ilipobadilisha kanuni zake za viendelezi ile ya asili ilizimwa humo, ikabaki ndugu yake nyepesi, uBlock Origin Lite. Matangazo na video zinazojicheza zinakula bando ambalo umelinunua wewe. Viendelezi vya VPN vya bure viache. Anayekupa VPN bila malipo ndiye anayepitisha mawasiliano yako yote mkononi mwake, na mwezi Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kutoa taarifa za matumizi hayo. Duka la wazi lisijitafutie neno.

Kwa anayetumia hotspoti, kwenye Windows fungua mtandao wako wa Wi-Fi na uuwekee alama kwamba ni wa kupimwa, yaani metered. Windows itaahirisha masasisho mengi makubwa hadi utakapobadilisha. Zima pia kule kupakia kurasa kabla hujazibonyeza, kwenye sehemu ya utendaji ya Chrome, na hapo hapo washa kiokoa kumbukumbu kama RAM ni GB 4. Masasisho ya kivinjari chenyewe usiyazime. Na si kila tatizo la mtandao linatoka kwako: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya nchi ilizorota kwa siku kadhaa, na kulikuwa na mafundi walioingiza hela kwa kusakinisha upya Chrome isiyo na ugonjwa wowote.

Lugha nayo. Chrome inazungumza Kiswahili: ingia Mipangilio, Lugha, ongeza Kiswahili, fungua vidoti vitatu pembeni yake, chagua kuonyesha Chrome kwa lugha hiyo na uiwashe upya. Si jambo la juzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Wapo wahudumu watakaoona tabu kwa sababu wameyazoea maneno ya Kiingereza, na sitawalazimisha. Lakini kwa mzee anayekaa mwenyewe kwenye kiti, swali la kufuta au kughairi likiwa kwa lugha yake halimpotezi.

Rangi, picha ya nyuma, ukurasa wa mwanzo wenye picha ya Jiwe la Bismarck, hivyo weka upendavyo. Haviharibu kitu.

Mwenye duka, kazi hii yote ni ya asubuhi moja ya Jumapili kabla wateja hawajaamka, na hailipiwi chochote zaidi ya betri na bando. Nawe mteja unayelipia huduma, una haki ya kumwambia mhudumu afunge dirisha na afute faili lako ukiwa umesimama pale pale, kabla hujatoa hela. Yeyote kati yenu, leo aanze na ile folda ya Downloads.